Kilo 60 za Mguu Mmoja

Binti aliyenirekodi ana umri wa miaka 20 hivi, ni mwanafunzi wa chuo hapa Moshi, na alifanya hivyo kwa nia njema kabisa. Ilikuwa Jumanne jioni, katika jimu ndogo ya Majengo ambayo nimekuwa nikienda kwa miaka saba, na nilikuwa nakaribia kuanza seti ya mwisho ya skwati nikiwa na kilo 60 mabegani. Siku hiyo niliisubiri kwa miezi minne. Kilo 60 ndizo nilizokuwa nikichuchumaa nazo, mara 5 kwa kila seti, wiki ile ile bodaboda niliyopanda ilipogongwa, na nilikuwa nimejiwekea ahadi kwamba nitakapozirudia nitasema kwa sauti kuwa nimepona. Nikamwomba binti yule anirekodi kwa simu yangu. Kwa kuwa mbele yangu kulikuwa na ukuta, alisimama nyuma.

Nilipofika nyumbani niliitazama video kwa furaha. Niliporudia mara ya pili, niliisimamisha katikati.

Chuma kilikuwa kimelala upande.

Kila nilipofika chini, kiuno changu kilihama kuelekea kulia kwa upana wa kiganja. Goti la kulia lilipokea mzigo wote, huku kisigino cha kushoto kikiwa kimegusa sakafu bila kuikanyaga. Katika marudio ya nne na ya tano ungeweza kupitisha karatasi chini ya kisigino hicho. Kilo 60 zilikuwa zimepanda kweli, na uso wangu kwenye kioo cha pembeni ulionyesha ushindi, lakini aliyeitazama video kwa utulivu angeona mwanamke anayenyanyua mzigo kwa mguu mmoja na kuuegemeza mwingine.

Usiku ule sikumwonyesha mtu.

Maneno ya kwenye mteremko

Lililonikosesha usingizi halikuwa video peke yake. Miezi miwili kabla yake nilikuwa Kibosho kwa mama. Kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, kimekaa kwenye mteremko mkali, na njia ya kushukia kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji, ni ngazi za udongo zilizochongwa na nyayo za vizazi vitatu, nyembamba, zenye unyevu hata wakati wa kiangazi kwa sababu migomba haiachi jua lifike chini. Mama ana miaka 71. Huteremka njia hiyo kila siku kwenda kukata majani ya ng'ombe, kisha huipanda akiwa na mzigo kichwani bila kusimama. Siku hiyo alikuwa nyuma yangu, na tulipofika chini aliniuliza, "Mwanangu, mbona unateremka kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja?"

Nikamjibu kwamba nimechoka na safari.

Safari ya kutoka mjini hadi kwetu haimalizi saa moja kwa daladala. Mama alinitazama, akachukua mundu wake, akaanza kukata majani. Mimi nilibaki nimesimama pale nikijiambia kwamba mama haelewi habari za mazoezi, kwamba angeona daftari langu angejua jinsi nilivyopiga hatua. Daftari hilo nilikuwa nikilibeba kila mahali siku zile: kilo 20, kilo 25, kilo 32, kilo 40, zikipanda wiki kwa wiki bila kurudi nyuma hata mara moja.

Mtu aliyenitazama mgongoni kwa dakika kumi, bila kifaa chochote, aliona jambo ambalo daftari la miezi minne halikuliandika.

Miezi 14 bila kugusa chuma

Ajali yenyewe sitaisimulia. Yeyote anayeishi katika miji yetu ana ndugu au jirani aliyepitia hayo, na wanaosoma makala hii wakiwa na kovu kama langu hawahitaji kukumbushwa. Itoshe kusema kwamba mfupa wa muundi wa mguu wa kushoto ulivunjika na kutokeza nje ya ngozi, nikawekewa vyuma vya nje ambavyo mitaani tunaviita antena, nikakaa navyo miezi mitano, kisha nikahamia kwenye magongo. Tangu siku ya ajali hadi siku niliposhika chuma tena ilipita miezi 14.

Ninachotaka kukisimulia ni asubuhi moja baada ya antena kutolewa. Nilivaa suruali niliyokuwa nikienda nayo kazini kabla ya ajali. Upande wa kulia ilinikaa kama ilivyoshonwa. Upande wa kushoto kitambaa kilining'inia kuanzia kwenye paja, na nilipotembea kilipepea. Nilikaa kitandani nikaliminya paja lile kwa vidole, nikitafuta msuli niliouzoea, na nilichokishika kilikuwa laini kama paja la mtoto.

Katika miezi hiyo nilipewa ushauri wa kila aina, na mwingi ulikuwa wa upendo. Shangazi zangu waliniletea mtori na kuniambia nishukuru Mungu natembea, mambo ya kunyanyua vyuma niwaachie wanaume. Mhudumu mmoja wa afya, ambaye sikumfahamu na sikumwona tena, aliniambia kwa uhakika kwamba mtu aliyewahi kuvunjika mguu namna ile asibebe kitu kizito maisha yake yote. Maneno yake yaliniogopesha kwa wiki kadhaa. Nilianza hata kuogopa kubeba dumu la maji la lita 20.

Aliyenitoa katika hofu hiyo ni mtaalamu wa fiziotherapia, dada mmoja mpole, ambaye alinionyesha picha za eksirei na mahali ambapo mfupa ulikuwa umeunga. Alinieleza kwamba mfupa si mti mkavu. Mwaka 1892 daktari wa Kijerumani Julius Wolff aliandika kwamba mfupa hujijenga upya kwa kufuata mzigo unaoubeba, ukiongezeka unene pale unapofanya kazi na kudhoofika pale unapopumzishwa. Kwa hiyo mfupa wangu, baada ya kuunga, ulihitaji mzigo wa kadiri na wa kuongezwa polepole. Nililipokea neno "mzigo" kwa furaha. Neno "polepole" nililisikia pia, lakini sikulipa uzito uleule.

Paja lisilouma

Niliporudi jimu nilishangazwa na kasi ya maendeleo yangu. Nilianza na chuma kitupu cha kilo 20, na kila wiki niliongeza. Kuna sababu ya kasi hiyo, nayo si miujiza. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo walionyesha kwa panya kwamba viini ambavyo seli za msuli huviongeza wakati msuli unapokua kwa kubebeshwa mzigo havipotei pale msuli unaponyauka kwa kukaa bila kazi; hubaki humo, na huenda ndivyo vinavyourahisishia msuli kazi ya kujijenga tena. Kwa binadamu wataalamu bado wanabishana, lakini kila aliyewahi kunyanyua vyuma, akaacha, kisha akarudi, anaijua hali hiyo mwilini mwake. Miaka yangu ya mazoezi ya kabla ya ajali haikupotea bure.

Swali nililopaswa kujiuliza ni hili: msuli gani ulikuwa unakumbuka?

Kila baada ya siku ya skwati, kesho yake paja la kulia liliuma. Liliuma nikikaa, liliuma nikipanda ngazi za ofisini, na maumivu hayo niliyafurahia kwa sababu ni yale ya kawaida ya msuli uliofanya kazi. Paja la kushoto halikuuma hata siku moja. Kwa miezi minne yote nilijiambia kwamba hiyo ni habari njema, kwamba mguu uliovunjika umepona hadi hauumi. Haikunipitia akilini, au niseme niliizuia isinipitie, kwamba msuli usiouma baada ya mazoezi mazito yaliyouelemea mwenzake huenda ni msuli ambao haukufanya mazoezi.

Je, nilijua? Hilo ndilo swali lililonisumbua wiki nyingi baada ya video, na ndilo lililonifanya niandike. Nimejichunguza kwa kadiri ninavyoweza, na jibu langu ni kwamba nilijua kiasi cha kutosha kukwepa kujua zaidi. Niliacha kufanya zoezi lolote la mguu mmoja. Nilikuwa nashuka ngazi nikiwa nimeshika ukingo, hata mahali pasipo na haraka. Nilipoambiwa na mtaalamu wangu nirudi kliniki baada ya miezi miwili, nilitoa udhuru wa kazi. Nilikuwa nafunika kombe, na nililolificha halikuwa la mtu mwingine, lilikuwa mguu wangu mwenyewe.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wiki ya tatu baada ya video nilipiga simu kliniki.

Sentimita 4 kutoka ukutani

Dada yule hakunilaumu. Aliitazama video mara moja tu, akaniambia nivue viatu nisimame mbele ya ukuta.

Kipimo chenyewe ni rahisi kiasi kwamba yeyote anaweza kukifanya nyumbani. Unaweka mguu mmoja mbele, kidole gumba kikielekea ukutani, kisha unalisukuma goti mbele hadi liuguse ukuta bila kisigino kuinuka. Goti likigusa, unarudisha mguu nyuma kidogo na kujaribu tena, hadi ufikie umbali wa mwisho ambao kisigino bado kinakaa chini. Mguu wa kulia uliweza kusimama sentimita 11 kutoka ukutani. Wa kushoto uliishia kwenye sentimita 4. Kifundo kilikuwa kimekakamaa, na nilipojaribu kulazimisha nilihisi kitu kigumu kikinizuia kwa mbele, kama mlango uliofungwa kwa ndani.

Akanieleza. Mtu anapochuchumaa, goti lazima lisogee mbele ya mguu, na haliwezi kusogea kama kifundo hakikunji. Kifundo kimoja kikigoma, kiuno hutafuta njia upande ambao uko huru. Mwili wangu haukuwa na nia ya kunihadaa. Ulikuwa umepewa kazi ya kupandisha kilo 60, na ulitafuta njia iliyokuwepo.

Kisha akaniweka juu ya kisanduku cha sentimita 20, akaniambia nisimame kwa mguu mmoja, niteremshe kisigino cha mguu wa pili hadi kiguse sakafu, na nipande tena bila kujisukuma. Kwa mguu wa kulia nilifanya mara 15 na ningeweza kuendelea. Kwa mguu wa kushoto nilifanya mara 3. Mara ya tatu goti lilianguka kwa ndani, mguu mzima ukatetemeka, nikamshika bega.

Mwisho akachukua tepu, ya kawaida ya fundi cherehani, akapima mapaja sentimita 15 juu ya pia ya goti. Kulia 54. Kushoto 50 na nusu.

Nililia pale kliniki, na sioni haya kuyaandika. Kilichoniliza hakikuwa tofauti ya sentimita tatu na nusu. Nililia kwa sababu kwa miezi minne nilikuwa nimeupanua mwanya huo kwa mikono yangu, nikiupa chakula mguu ulioshiba na kuunyima ule wenye njaa, na kila wiki nikiandika daftarini kwamba nimepiga hatua.

Kiatu cha chuma

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari wa jeshi la Marekani aliyeitwa Thomas DeLorme alikuwa akihudumia askari katika hospitali ya Gardiner mjini Chicago, wengi wao wakiwa na magoti yaliyoumia na mapaja yaliyovunjika. Desturi ya siku zile ilikuwa kuwapa wagonjwa hao mizigo myepesi na marudio mengi, na vitanda vilijaa watu wasiopata nafuu kwa haraka. DeLorme mwenyewe aliwahi kuugua akiwa kijana, akajijenga upya kwa kunyanyua vyuma, na aliamini kwamba nguvu huletwa na mzigo mzito unaoongezwa kwa mpango. Mwaka 1945 alichapisha makala ya kitabibu kuhusu njia hiyo, na mengi tunayofanya leo jimu, ikiwemo kuhesabu marudio 10 na kupanga seti, yana asili yake hapo.

Mimi nilivutiwa na kifaa chake kuliko maneno yake. Kilikuwa kiatu cha chuma kilichofungwa chini ya mguu wa mgonjwa, na visahani vya uzito viliongezwa humo. Mgonjwa alikaa ukingoni mwa meza na kulinyoosha goti. Kiatu kimoja, mguu mmoja. Mguu ulioumia haukuwa na mahali pa kujificha, na ule mzima haukuwa na namna ya kuusaidia.

Nilipata changu. Fundi cherehani wa jirani alinishonea mfuko wa kitambaa cha jinzi wenye mikanda ya kufunga kifundoni na vifuko vidogo ndani yake, nikaujaza mchanga niliopima kwenye mizani ya dukani kwa Mangi, pale pale anapopimia maharage, kilo moja kwa kila kifuko. Mtaalamu wangu alikubali mpango nilioufuata, ambao DeLorme na mwenzake waliuandika mwaka 1948: seti ya kwanza marudio 10 kwa nusu ya uzito unaouweza, ya pili kwa robo tatu, ya tatu kwa uzito wote. Uzito wangu wote ulikuwa kilo 4.

Kilo 4, baada ya kilo 60.

Safu mbili

Mwenye jimu, kaka ambaye ameniona tangu siku yangu ya kwanza, alinikuta nimeketi kwenye benchi na mfuko wangu wa mchanga, akaniuliza, "Dada, umeamua kuacha chuma?" Nilimwambia ukweli wote, pamoja na video. Alikaa kimya, kisha akaniletea kisanduku cha mbao kilichokuwa stoo na kukipigilia misumari upya ili kisiyumbe. Tangu siku hiyo kimekaa kwenye kona yangu.

Daftari jipya lina safu mbili kila ukurasa, kushoto na kulia. Kanuni ni moja: mguu wa kushoto huanza, na wa kulia hufanya kiasi kile kile ambacho wa kushoto umeweza, haupiti. Mwanzoni niliuchukia mguu wa kulia, niliuona kama mnyang'anyi, na nilitaka kuupumzisha kabisa hadi mwenzake aufikie. Dada wa kliniki alinikataza. Mwaka 1894 Edward Scripture na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waligundua kwamba mkono mmoja ukifanyishwa mazoezi, ule wa pili ambao haukufanya kitu huongeza nguvu pia, kwa sababu sehemu ya nguvu hukaa kwenye ubongo na neva, siyo kwenye nyama tu. Nilifikiri juu ya miezi ile mitano ya antena, nilipokuwa kitandani na mguu wa kulia mzima kabisa, ambao ningeweza kuufanyisha kazi kila siku kwa faida ya mwenzake. Hakuna aliyeniambia wakati ule, na mimi sikuuliza. Ninaliandika hapa kwa ajili ya aliye kitandani leo.

Wiki tatu za kwanza zilinipa moyo. Kwenye kisanduku nilitoka mara 3 hadi mara 7, ingawa tepu haikusogea hata nusu sentimita. Neva zilikuwa zinajifunza kuuita msuli ambao hazikuuita kwa muda mrefu. Na asubuhi moja ya Alhamisi niliamka paja la kushoto likiuma. Nilibaki kitandani dakika kadhaa nikiliminya na kulisikiliza.

Mwezi wa pili nilikosea. Nilikuwa nimezoea ushindi, nikaongeza kilo 2 kwa mpigo na marudio juu yake, na kano iliyo chini ya pia ya goti ikavimba na kuuma kwa siku 12. Msuli hujenga nguvu kwa wiki, kano huchukua miezi, na aliyetangulia hawezi kumburuta aliye nyuma. Nilirudi kilo 3 na kukaa hapo mwezi mzima. Ulikuwa mwezi mgumu kuliko ile ya magongo, kwa maana kwenye magongo kila mtu huona kuwa unaumwa.

Sasa ni miezi mitano. Ukutani, kushoto ni sentimita 8. Kwenye kisanduku ni mara 11. Paja limefika sentimita 52 na nusu. Nimerudi kwenye chuma pia, nikiwa na kilo 45, na binti yule wa chuo hunirekodi kila baada ya wiki mbili, akiwa amesimama nyuma kwa sababu sasa namwomba asimame nyuma. Kiuno bado huhama kidogo nikichoka, lakini kisigino hakiinuki.

Jumapili iliyopita nilikuwa Kibosho. Mama alikuwa amekata mkungu wa ndizi, nikaubeba begani, na tukashika ile njia ya kuteremka kwenda kwenye mfongo, yeye mbele, mimi nyuma. Kulikuwa kumenyesha usiku. Kwenye kila ngazi nilitanguliza mguu wa kulia chini, ili wa kushoto ubaki juu na kazi ya kuniteremsha mimi na mkungu wangu taratibu. Katikati ya njia mama alisimama na kugeuka. Alinitazama miguu, hakunitazama usoni, kisha akaendelea kuteremka.